Siku tulipoacha kutuma picha za sahani

Mvua zimerudi. Jioni baridi inashuka kutoka mlimani, mabati yanapiga kelele hata mtu hasikii jirani yake, na katika nyumba zetu nyingi za mbao upepo unapita kati ya ubao na ubao bila kubisha hodi. Ndiyo maana kwenye mkutano wa Jumamosi iliyopita tuliuliza swali moja tu: ni kitu gani kinakupa joto nyumbani kwako?

Majibu hayakukosa. Mmoja alisema ni chai ya tangawizi, wakati watoto wamekwisha kulala na hakuna anayemwita. Mwingine alisema ni maharage yakichemka polepole, harufu ikifika hata barabarani. Wa tatu aliinua mfuko wake akatuonyesha triko aliyoanza. Na mama mzee mmoja, yule ambaye zamani alisema telefone ni mchezo wa watoto, alijibu: "Sauti ya binti yangu. Naiweka sikioni, naisikiliza mara tatu, kisha nalala."

Jiko, kazi ya mikono, na marafiki wa kwenye telefone. Tungeweza kuwaandikia namna ya kupika na kufuma, tukamaliza. Lakini tulipokaa kuandika tulikumbuka jambo lililotupata sisi wenyewe katika grupu yetu, na ambalo hatujawahi kuliweka hapa. Mwenzetu aliyehusika ametupa ruhusa. Tena ni yeye aliyetuomba tuliandike, ila bila jina lake. Tutalisimulia kwanza, halafu tutafika jikoni.

Grupu ilivyoanza

Wengi mnakumbuka jioni ya tarehe 22 mwezi wa 5, mwaka 2021. Mbingu juu ya Nyiragongo ikawa nyekundu, na watu wakaanza kutembea usiku, magodoro kichwani. Safari ile moto ulisimama upande wa Buhene. Haukufanya kama ule wa tarehe 17 mwezi wa 1, mwaka 2002, uliopita katikati ya mji mpaka ziwani. Lakini ardhi iliendelea kutikisika, na tarehe 27 ikatoka amri kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji zihamishwe. Tukatawanyika. Wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Bukavu kwa mashua, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi.

Mwenzetu mmoja, akiwa amekaa juu ya ndoo huko Sake, alifungua grupu ya WhatsApp, akatia namba zote alizokuwa nazo, akaandika: "Nani yuko wapi?"

Siku za kwanza majibu yalikuwa majina ya mahali tu. Kisha mmoja akaandika: "Niko Bukavu, leo tumekula sombe kwa shemeji." Mwingine akamuuliza kama waliweka karanga ama mawese peke yake. Wa tatu akasema sombe bila karanga si sombe. Ubishi ukawaka mpaka usiku. Tulikuwa tumelala chini katika nyumba za watu, hatujui kama tutakuta nyumba zetu zimesimama, na tulikuwa tunacheka. Tangu usiku ule grupu ikawa jiko letu la pili.

Tuliporudi haikufa. Leo ina wamama wa Himbi, Majengo, Katoyi na Ndosho, ina aliyebaki Bukavu, ina aliyeolewa Kampala, na ina mmoja aliyefika Montreal. Saa moja ya jioni kwetu, tunapoepua sufuria, ni saa saba ya mchana kwake, na wakati wa baridi yao ni saa sita. Anakula mkate wake kazini huku akisikiliza habari za sufuria zetu.

Kisha ukaja mwisho wa mwezi wa 1, mwaka 2025. Siku zile hatutazisimulia hapa, kila nyumba ina zake. Tuseme tu kwamba umeme ulikatika, maji yakakatika, na intaneti ikakatika. Siku mtandao uliporudi, telefone zilianza kulia zote kwa pamoja. Kampala, Bukavu na Montreal walikuwa wamerudia maneno yale yale, siku baada ya siku, bila kujibiwa: "Nani yuko wapi?"

Picha

Baada ya hapo ndipo tulianza kutuma picha. Hatujui nani alianza. Kila jioni, kila mmoja alipiga picha ya sahani yake akaituma. Sambaza wa kukaanga na bugali. Lengalenga. Viazi vya Masisi, na kwa mwenye bahati, kipande cha fromaji. Ilikuwa namna ya kusema: tuko hai, tunakula, msihangaike. Wenzetu wa mbali walituma alama za makofi, na sisi tulisikia raha.

Lakini picha zilianza kubadilika. Mtu akaanza kufuta meza kwanza. Mwingine akatandika kitambaa cha kroshe chini ya sahani. Mwingine akapasua parachichi kwa umbo la ua. Hakuna ubaya katika kupamba meza, na sisi tulisifu. Kitu ambacho hatukukiona ni kwamba kadiri picha zilivyopendeza, ndivyo watumaji walivyopungua. Mwanzoni sahani zilipita ishirini kwa jioni moja. Baada ya miezi michache zilikuwa saba au nane, tena za watu wale wale. Tulisema wengine wana kazi nyingi.

Katika wale waliobaki alikuwepo mwenzetu mmoja aliyetoka Sake. Kila Ijumaa alituma sombe na bugali, katika sahani nyeupe yenye ukingo wa kijani. Sombe yake ilikuwa inang'aa. Tulimwambia afungue restora.

Ijumaa moja mmoja wetu aliivuta picha ile kwa vidole ili aone vizuri. Yeye zamani alikuwa anakwenda Sake kununua maharage, na alikuwa anapumzika kwa mwenzetu huyu kabla ya kurudi. Nyuma ya sahani aliona dirisha la mbao lililopakwa rangi ya bluu, na nje ya dirisha tawi la mpera. Dirisha lile alilijua. Alikuwa amekaa chini yake mara nyingi. Ni la ile nyumba ambayo mwenzetu aliiacha mwezi wa 2, mwaka 2024, vita ilipofika Sake, akatoka na watoto na mafurushi mawili. Chumba anachopanga sasa Ndosho hakina dirisha la namna ile, na hakina mpera.

Aliyeona hakuandika kitu katika grupu. Tunamshukuru kwa hilo mpaka leo. Aliita wawili kati yetu, akatuonyesha.

Tuseme ukweli: wa kwanza alikasirika. Alisema, "Mbona anatudanganya? Tumpongeze kwa chakula cha miaka miwili iliyopita?" Mama mzee wa triko alimtazama, akasema: "Mwanangu, kabla ya kumuuliza hilo, jiulize ni nani aliyemfundisha kwamba bila sahani hana nafasi katikati yetu."

Hatukuwa na jibu la kumpa, kwa sababu tulilijua.

Safari ya Ndosho

Jumamosi tulikwenda wawili. Hatukubeba mfuko wa chakula, kwa sababu mtu akikuletea mfuko bila kuulizwa, majirani wote wanajua shida yako kabla ya saa sita. Tulibeba triko zetu. Tulimwambia tuna sweta ya mtoto iliyotushinda kwenye shingo, na kwamba yeye anajua kufunga shingo. Hilo lilikuwa kweli.

Alifurahi. Alituwekea kiti kimoja na ndoo moja, yeye akakaa mlangoni penye mwanga. Akafumua safu nne tulizoharibu, akaanza upya. Mikono yake ilipokwisha kushika mwendo, akaanza kusema bila kuulizwa. Kwamba alikuwa anauza mandazi karibu na shule. Kwamba tangu benki za mji zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, pesa mkononi zimekuwa ngumu, wateja wanachukua kwa deni, na mtaji ukaliwa kidogo kidogo. Kwamba watoto wanakula mara moja, jioni, na kuna jioni nyingine ni uji peke yake.

Kisha akasema: "Zile picha ni za zamani, zilibaki ndani ya telefone. Nilikuwa naona mnanipongeza, nasema moyoni, leo pia nimehesabiwa."

Tulinyamaza. Ndipo mmoja wetu, yule aliyekasirika, akasema polepole: "Dada, yule samaki mkubwa niliyemtuma mwezi uliopita hakuwa wangu. Ilikuwa arusi ya jirani."

Tulicheka mpaka sweta ikaanguka chini. Kisha mmoja akalia, na wengine tukamfuata.

Mapatano yetu

Jumamosi iliyofuata tuliweka jambo mezani, bila kutaja mtu. Tulisema tu kwamba tumeona picha za sahani zinapunguza watu badala ya kuwaleta. Wengine hawakukubali. Yule wa Montreal alituma sauti, akasema kwamba picha zetu ndizo zinamlisha huko aliko, na kwamba siku asipoziona anakula peke yake. Hilo nalo lilikuwa kweli, na hatukulipuuza. Tulizungumza karibu saa mbili, halafu tukapatana hivi.

Kwanza, hatutumi tena picha za sahani. Tunatuma sauti. Mtwangio ndani ya kinu, mafuta yanapopokea kitunguu, mvua juu ya mabati, mtoto anayesoma somo lake huku mama anakoroga. Nusu dakika inatosha. Yule wa Montreal ametuambia sauti ya kinu inamfaa kuliko picha yoyote.

Pili, picha ya kazi ya mikono inaruhusiwa, hata ikiwa haijamalizika. Zaidi sana ikiwa haijamalizika.

Tatu, kila mtu ana ruhusa ya kuandika maneno haya: "Leo moto haukuwaka." Hapaswi kueleza. Na hakuna anayejibu kwa huruma ndani ya grupu, hakuna alama za machozi. Anayekaa karibu naye katika kartie anapita kwake jioni ile, kama mtu anayepita kusalimia.

Nne, tulianzisha ndoo. Kila Jumamosi kila mmoja analeta kikombe kimoja cha unga ama cha maharage, anakimimina ndani ya ndoo ya shirika. Inakwenda kwa zamu kama likelemba: kila juma ndoo inakwenda kwa mtu mmoja, kwa kufuata orodha, na zamu inamfikia kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho. Hapo hakuna anayeomba. Na mtu anaweza kubadilishana zamu na mwenzake bila kueleza sababu. Asiye na kikombe juma hili haleti, na hakuna anayeandika jina lake.

Ndoo ya kwanza ilikuwa zamu ya mmoja wetu. Alibadilishana zamu na mwenzetu wa Ndosho. Akapata unga wa kutosha kuanza tena mandazi. Tusiwadanganye: hajatajirika. Kuna siku mvua inanyesha asubuhi nzima na mandazi yanabaki. Lakini wale waliokuwa wamenyamaza katika grupu wamerudi, na jioni ya kwanza kabisa wanne waliandika kwamba moto haukuwaka. Wanne, wamama. Walikuwa katikati yetu muda wote ule.

Sasa twende jikoni

Joto la nyumba linaweza kupatikana kwa vitu vidogo, tena vya karibu. Tumechagua mambo matano kutoka kwa wanachama, na yote tumeyajaribu.

La kwanza ni maharage yasiyokula makala. Gigozi moja ya maharage ioshwe na kulowekwa usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, chemsha kwa moto mkali nusu saa, yakitokota kweli kweli. Kisha funika sufuria vizuri, epua, uikalishe ndani ya kapu lililojaa majani makavu ya ndizi ama vipande vya nguo, ufunike juu kwa blanketi la zamani. Yaache masaa manne bila kufungua. Yataendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe, na makala yanabaki kwa jioni. Jioni rudisha motoni mpaka yachemke tena, utie kitunguu, tomati na mawese. Kama bado ni magumu, yachemshe kidogo zaidi. Maharage yaliyokaa muda mrefu stoo yanachelewa kuiva.

La pili ni sambaza. Wavuvi wetu wanatoka nao usiku, mashua tatu zimefungwa pamoja na taa inawaka juu ya maji, na asubuhi wanafika Kituku wakiwa wabichi. Waoshe, tia chumvi na ndimu, waache robo saa, wapanguse maji, kisha kaanga wachache wachache katika mafuta ya moto ili wasishikamane. Kama mafuta ni machache, wapike na tomati, kitunguu na pilipili, sufuria imefunikwa, dakika kumi. Watoto wapendao kuuliza maswali waambieni hivi: sambaza hakuzaliwa katika ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Alifika ugenini, akazaa, na leo hakuna anayemuuliza anatoka wapi.

La tatu ni bustani ya gunia. Viwanja vyetu vingi ni mawe ya volkano, jembe linagonga tu. Chukua gunia, simamisha katikati yake mkebe usio na vitako, jaza mkebe mawe madogo, zungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha vuta mkebe juu kidogo na uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya mawe inapeleka maji mpaka chini. Panda lengalenga juu, na vijiti vya matembele kwenye matundu ya ubavuni. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kumwagilia. Lengalenga inaanza kuvunwa baada ya majuma machache, na ukikata juu bila kung'oa, inachipua tena.

La nne ni sweta ya zamani. Sokoni kuna sweta zilizopasuka viwiko ambazo zinauzwa bei ndogo. Tafuta iliyofumwa kwa uzi mzima, isiwe imekatwa kwa mkasi pembeni, la sivyo utapata vipande vifupi tu. Fumua kuanzia juu, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, kisha uuning'inize na jiwe dogo chini yake ili ujinyooshe. Ukikauka, una uzi wa kofia mbili na soksi za mtoto. Mama mzee wetu anasema kufumua kunatuliza roho kuliko kufuma, kwa sababu hakuna namna ya kukosea. Mwenzetu wa Ndosho anafundisha shingo na mikono kila Jumamosi baada ya mkutano.

La tano ni onyo. Baridi hii inawavuta watu kuingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Msifanye hivyo. Sisi watu wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa mbaya inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na hata watu bila kuonekana. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi nyingine, lakini nayo haionekani, haina harufu, na inamchukua mtu akiwa usingizini. Pasha mikono nje ama mlango ukiwa wazi, zima mbabula, kisha ingia ulale. Afadhali blanketi mbili na watoto katikati.

Rafiki wa kwenye telefone

Kuna wanaosema urafiki wa telefone si urafiki. Sisi tumeona vingine. Siku za volkano, telefone ndiyo iliyotuambia nani yuko hai. Mama mzee analala kwa sauti ya binti yake. Lakini tumeona pia kwamba grupu hiyo hiyo, tukiwa ndani yake kila jioni, haikutuonyesha mwenzetu asiyekula. Ilibidi mtu atembee mpaka Ndosho. Kwa hiyo sasa tunasema: telefone ni ya kubisha hodi, na miguu ndiyo inayoingia. Na kwa aliye mbali, kama wa Montreal, tumempangia zamu ya kupigiwa siku ya Jumapili, mmoja mmoja, ili asibaki na kelele za grupu peke yake.

Mambo mawili ya kujilinda. Mega ni ghali, kwa hiyo fungua mipangilio ya WhatsApp na uzime kule kupakua picha na video zenyewe. Zitaingia zile utakazozigusa tu, na mega zako zitafika mwisho wa juma. La pili: mtu akikuandikia, hata kwa jina na picha ya rafiki yako, akuombe namba sita zilizoingia kwenye telefone yako kwa ujumbe, usimpe. Namba zile ndizo ufunguo wa akaunti yako, na akizipata ataomba pesa kwa watu wako wote akijiita wewe. Akikuomba pesa, mpigie kwanza usikie sauti yake. Sauti ya rafiki unaijua.

Tumefika mwisho. Ijumaa iliyopita, saa moja ya jioni, mwenzetu wa Ndosho alituma sauti ya nusu dakika. Mvua inasikika, na mafuta, na mtoto anahesabu mandazi kwa sauti kubwa. Anafika kumi na saba, anakosea, anaanza tena. Hakuna aliyeuliza sahani ina ukingo wa rangi gani. Kutoka Montreal likaja jibu moja: "Niwekee mawili."

Jumamosi hii tukutane saa nane mchana, mahali petu pa kila siku. Leteni kikombe chenu kama kipo, triko zenu, na kama hakuna kitu, jileteni wenyewe. Ndoo juma hili ni zamu ya mama mzee, naye ametuambia tayari kwamba anataka kubadilishana na mtu. Hatukumuuliza na nani.

Mungu awape usiku mwema na nyumba yenye joto.

Sisi wenu wa ukurasa wa Nyumba na Jiko